Polishi isigeuzwe pazia la kuuzia magari

Waswahili wanasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya magari, lakini anayezunguka kwenye viwanja vya kuuzia magari yaliyotumika, kuanzia Dar es Salaam hadi hapa Bujumbura, atadhani ilitungwa hapo hapo. Gari limesimama juani, linang'aa hadi unauona uso wako mlangoni. Dalali anapitisha kiganja juu ya boneti na kukuambia, "Gusa mwenyewe, kaka. Hili bado jipya kabisa." Ukigusa, unakuta laini kama kioo. Hapo mkono unaanza kutafuta mfuko.

Mara nyingi ulaini huo umetoka kwenye chupa moja ndogo. Maduka ya vipuri yanaiuza kwa majina mbalimbali, lakini ahadi yake ni ile ile: kazi tatu kwa mpigo. Inasafisha rangi, inaing'arisha na kuikinga. Vijana wanaoosha magari wanaipenda kwa sababu inawapunguzia kazi, na wenye magari wanaipenda kwa sababu inawapunguzia gharama. Badala ya kununua dawa tatu, unanunua moja.

Ninalotaka tulijadili leo ni kama ahadi hiyo ni ya kweli, na kama ni ya kweli, inamfaa nani. Msimamo wangu ni kwamba dawa hiyo inafaa, tena inafaa sana, kwa mtu anayelitunza gari ambalo tayari ni lake. Lakini imegeuzwa kuwa pazia la kuuzia magari, na wanaoumia zaidi ni wenye akiba ndogo: ndugu zetu waliorejea nchini, na wafanyabiashara wanaokula kwa jasho la mipakani.

Nasema hivyo kwa sababu nawafahamu wanunuzi wa magari haya. Wapo waliorudi kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta tangu urejeshaji wa hiari ulipoanza mwaka 2017. Wapo waliowatangulia, wale wa makazi ya zamani ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliorudi kuanzia mwaka 2008. Wengi wanakijua Kiswahili na wanaijua njia ya Tanzania, kwa hiyo biashara ya kusafirisha watu na mizigo kati ya Kobero, Muyinga na Bujumbura huwavutia. Ndugu watatu au wanne wanachanga fedha, wanauza kiwanja au ng'ombe, wanatafuta Toyota iliyotumika. Kwa familia kama hiyo gari ni shamba na duka kwa pamoja. Likiwa bovu, hakuna la pili.

Tuanze na rangi yenyewe, maana bila kuielewa hatuwezi kuielewa dawa. Juu ya bati la gari kuna tabaka kadhaa. La chini ni praima, inayoshikamana na bati na kulizuia lisile kutu. Juu yake ipo rangi unayoiona, iwe nyeupe, nyeusi au samawati. Mwisho kabisa, kwa magari mengi ya miongo hii ya karibuni, ipo klia, ile rangi isiyo na rangi ambayo ndiyo inayoleta mng'ao. Kwa gari lililotoka kiwandani, tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa kati ya milimita 0.10 na 0.15 hivi. Klia peke yake huwa karibu milimita 0.04 au 0.05. Hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari la mwanafunzi.

Karatasi hiyo nyembamba ndiyo inayopigana na jua letu. Miale ya jua huikausha na kuidhoofisha mwaka hadi mwaka. Kinyesi cha ndege kikiachwa juani huila. Vumbi jekundu la barabarani, likipanguswa kwa kitambaa kikavu, hufanya kazi ya msasa. Gari lililotoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kwa magurudumu yake limetembea zaidi ya kilomita 1,500, likipigwa na vumbi na kokoto za malori yote yaliyolitangulia.

Sasa chupa ya kazi tatu inafanya nini? Ndani yake mna unga laini mno wa kusugulia, ambao huondoa uchafu ulioshika na kukwangua klia kidogo sana ili uso wake uwe sawa. Mna mafuta, aghalabu ya silikoni, yanayojaza mikwaruzo midogo isionekane. Kisha mna nta au plastiki ya maji inayobaki juu kama ngozi ya kinga. Nta mashuhuri katika kazi hii ni ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi uotao kaskazini mashariki mwa Brazili. Vyote hivyo vimechanganywa pamoja, na hapo ndipo pana ugumba wa jambo: kinachosugua na kinachokinga vinafanya kazi kinyume. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu ameshika matatu.

Niliamua kuijaribu mwenyewe, kwenye gari la rangi ya samawati iliyokoza, kwa kuwa rangi nzito haifichi aibu. Niliosha boneti, nikaiacha ikauke kivulini, kisha nikaigawa sehemu tatu kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi. Sehemu ya kwanza niliiacha vilevile baada ya kuoshwa. Ya pili nilipaka dawa ya kazi tatu. Ya tatu alifanya fundi kwa njia ya zamani: akasugua kwa polishi peke yake, akafuta, halafu akapaka nta peke yake.

Siku ile ya kwanza, sehemu ya pili na ya tatu zilikuwa karibu sawa. Ile mistari myembamba ya mviringo, inayotokana na kufuta gari kwa matambara, ilikuwa imepungua kote kuwili. Maji yaliyomwagwa yalikusanyika matone matone na kuteleza. Tofauti kubwa ilikuwa muda. Dawa ya kazi tatu ilinichukua chini ya nusu saa, ilhali fundi alitoka jasho asubuhi nzima. Kwa mtu mwenye gari la biashara, ambalo kila saa ya kusimama ni abiria waliokwenda kwa mwingine, hiyo si tofauti ndogo.

Baada ya wiki sita za mvua, vumbi na kuoshwa, ukweli ukajitenga. Kwenye sehemu ya kazi tatu mistari ile ya mviringo ilianza kurudi. Haikuwa imeondoka yote. Mingine ilikuwa imejazwa mafuta tu, na sabuni ilipoyatoa mafuta, ikatokeza. Kwenye sehemu ya fundi mng'ao ulikuwa umebaki vizuri zaidi, na maji bado yalikuwa yakiteleza. Hata hivyo, sehemu ya kazi tatu ilikuwa bora mara nyingi kuliko ile iliyooshwa tu. Kinyesi cha ndege kilitoka kwa kitambaa chenye maji bila kuacha alama, wakati upande wa pili kilikuwa kimeacha baka.

Yapo pia mambo ambayo dawa haikuyagusa hata chembe. Mkwaruzo mmoja mrefu, ambao ukipitisha ukucha unanasa, ulibaki pale pale. Mahali ambapo klia ilikuwa imeanza kubanduka, dawa iliingia kwenye kingo zake na kuacha unga mweupe, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Klia iliyobanduka hairudishwi na chupa yoyote. Hiyo ni kazi ya fundi rangi, msasa na rangi mpya.

Kwa hiyo mwenye gari anayeniuliza kama aninunulie chupa hiyo au la, jibu langu ni anunue, lakini aitumie kwa adabu. Aoshe gari kwanza kwa maji mengi, maana ukisugua juu ya vumbi unaikwaruza rangi kwa mkono wako. Afanye kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Atumie kidogo, kwa kitambaa laini na safi, kipande kwa kipande. Asipake kila wiki kwa tamaa ya kung'aa, kwa sababu ule unga wa kusugulia unaipunguza klia kila unapopita, na klia ikiisha haiongezwi kwa kusugua. Mara mbili au tatu kwa mwaka zinatosha. Kwetu hapa wakati mzuri ni mwanzoni mwa kiangazi, kabla ya vumbi la Juni hadi Agosti, na tena mvua zinapokaribia kuanza.

Kama gari ni la zamani lisilo na klia, kitambaa kitatoka na rangi ya gari. Usishtuke, lakini jua kwamba rangi hiyo unayoiona kitambaani imetoka mwilini mwa gari. Sugua kwa huruma.

Kuna mahali pa kuepuka kabisa. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi na mipira ya milango hubaki na mabaka meupe yasiyotoka kirahisi. Kioo cha mbele ndicho hatari zaidi. Dawa yenye nta na silikoni ikifika hapo, waipa zitaitandaza kama ukungu mvua itakaponyesha usiku. Tusisahau kwamba wengi wetu tunaendesha magari yenye usukani wa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Dereva wa namna hiyo akitaka kulipita lori tayari anaona kwa shida. Hana haja ya kujiongezea ukungu.

Tena niwaonye wanaofuta gari kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae kwa bei rahisi. Linang'aa kwa saa chache, kisha linanasa vumbi kama gundi, na mipira inalainika na kuharibika. Bora maji matupu.

Mpaka hapo nadhani tunaelewana. Ugomvi wangu unaanzia kwa muuzaji. Dawa ambayo kwa mwenye gari ni kinga ya miezi kadhaa, kwa muuzaji ni vazi la siku moja ya soko. Ile tabia yake ya kuficha mikwaruzo kwa mafuta, ambayo mimi niliigundua baada ya wiki sita, mnunuzi ataigundua akiwa ameshavuka mpaka, ameshalipa ushuru na ameshagawana hisa na ndugu zake.

Na mikwaruzo ni jambo dogo. Gari linalong'aa sana huyavuta macho juu na kuyasahaulisha chini. Mnunuzi anashangaa mlango ulivyo laini, hakumbuki kuinama kutazama kutu ya fremu. Baadhi ya magari yanayotoka Japani yametumika katika mikoa ya baridi, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Mengine yamekaa muda mrefu karibu na bahari. Polishi haifiki huko, wala jicho la mnunuzi aliyekwisha pendezwa.

Taa za mbele nazo zina hadithi yake. Zimetengenezwa kwa plastiki ngumu, ambayo jua huifanya iwe ya manjano. Ukiisugua kwa dawa hii inakuwa angavu tena, na gari linaonekana limepungua umri. Lakini lile tabaka la kiwandani lililokuwa likiikinga na jua limeshakwisha, na baada ya muda umanjano unarudi. Muuzaji ameuza kuangaza kwa siku chache. Mnunuzi amenunua kiza cha usiku wa Nyakanazi.

Wapo watakaosema kwamba kila mfanyabiashara hupanga bidhaa yake ipendeze. Muuza nyanya huzifuta, muuza vitenge huvitundika mlangoni. Kwani kuna dhambi gani kulisafisha gari kabla ya kuliuza? Hoja hiyo ina uzito, na mimi sina kinyongo na usafi. Anayeuza gari chafu hajiheshimu wala hamheshimu mteja. Lakini muuza nyanya akikata ganda la upande ulioza na kuufunika kwa nta, huyo hatumwiti msafi. Kusafisha ni kuondoa kilichoficha hali ya kitu. Kuficha ni kuongeza kitu ili hali hiyo isionekane. Chupa moja inaweza kufanya yote mawili, na tofauti imo katika nia ya mkono ulioishika.

Wengine watasema mnunuzi afungue macho, maana mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, ila lazima ajue atazame nini. Basi niyataje machache ambayo hayahitaji elimu ya chuo.

Kwanza, usikague gari lililolowa. Maji hujaza mikwaruzo kama mafuta, na gari lililotoka kuoshwa huonekana jipya. Lisubiri likauke, na ulitazame mchana, nje ya kivuli. Simama kwenye kona ya gari, uangalie ubavu wake kwa urefu. Bati lililonyooshwa huonyesha mawimbi, na mlango uliopakwa rangi upya mara nyingi hutofautiana kidogo na jirani yake.

Pili, chukua sumaku ndogo, uifunge kwenye kitambaa laini ili usikwaruze, uipitishe milangoni na kwenye ubavu. Penye bati la chuma itavuta. Penye puti nene italegea au itaanguka. Usiijaribu kwenye bampa, maana hilo ni plastiki na haliwezi kuvuta.

Tatu, fungua milango na boneti. Tazama mipira ya pembeni kama ina chembe za rangi, na tazama vichwa vya bolti kama vina alama za spana. Fundi rangi mwenye haraka huacha saini yake hapo. Kisha lala chini, tena bila aibu, utazame kutu.

Nne, omba karatasi ya mnada kama gari limenunuliwa kwenye minada ya Japani. Karatasi hiyo huwa na mchoro wa gari na herufi zinazoeleza hali ya bodi. Herufi A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni alama ya bati lililotengenezwa, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata baadhi ya herufi hizo huonyesha ukubwa, 1 ikiwa dogo. Daraja la R kwa kawaida humaanisha gari lililopata ajali likatengenezwa. Kumbuka tu kwamba karatasi inaeleza hali ya gari kabla halijapanda meli. Yaliyolipata baada ya Dar es Salaam hayamo.

Tano, na hili ndilo kubwa, omba ndoo ya maji na sabuni. Chagua mahali padogo penye mng'ao unaokutia shaka, uoshe, ukaushe, utazame tena. Sabuni ya kuoshea vyombo hutoa sehemu kubwa ya nta na mafuta yaliyopakwa juu. Kama ngozi hiyo imetoka na chini yake pamejaa mistari na mabaka, umeshaijua bei ya kweli. Gari linaweza kuwa bado linafaa kununuliwa, kwa sababu injini ndiyo itakayokulisha, lakini utalinunua kwa thamani yake badala ya thamani ya chupa.

Hapa ndipo ninapotoa rai yangu kwa vyama vya wauza magari na vya madereva, upande huu wa Kobero na upande ule wa Kabanga. Hatuhitaji sheria mpya wala kamati. Wakubaliane tu kwamba mnunuzi yeyote ana haki ya kuosha kipande cha gari na kukikagua kabla ya kulipa, na kwamba muuzaji aliyelipaka gari dawa aseme amelipaka lini. Ni utaratibu mdogo, lakini utamwokoa yule asiyekuwa na fundi wa kumfuata, wala ndugu aliyewahi kununua gari kabla yake.

Wauzaji waaminifu watanufaika pia. Leo hii anayeuza gari lenye rangi yake ya kiwandani, iliyofifia kwa haki kutokana na umri, hushindwa soko na jirani yake aliyepaka puti na kuifunika kwa mng'ao. Hatimaye naye hujifunza kununua chupa. Mafundi rangi wetu wa Buyenzi huumia vilevile, kwa sababu bati lililoloweshwa silikoni, lisiposafishwa sawasawa, huifanya rangi mpya itoke vitundu vidogo mithili ya macho ya samaki, na lawama humwangukia fundi.

Tuitumie basi dawa hii kwa kazi iliyotengenezewa: kulinda mali ambayo tayari ni yetu, ili jua na vumbi visiile kabla haijatulipa. Anayeuza gari zuri hana sababu ya kuiogopa ndoo ya maji.